Ernst May na nyumba za watu wasio na kauli

Katika lugha yetu ya Kiswahili, neno sanifu lina watoto wawili mashuhuri. Wa kwanza ni Kiswahili sanifu, ile lugha ya vitabu vya shule ambayo walimu huifundisha na watahini huisahihisha. Wa pili ni usanifu wa majengo, yaani kazi ya yule anayechora ramani ya nyumba kabla fundi hajashika mwiko. Mimi ni mtu wa lugha, si mtu wa saruji. Lakini kwa miaka mingi nimevutiwa na udugu wa maneno haya mawili. Msanifu wa lugha na msanifu wa nyumba wote huchagua umbo moja kati ya mengi, wakalipanga na kulinyoosha, kisha wakawakabidhi watu walitumie. Swali ambalo halina budi kuulizwa ni hili: nani aliyeshauriwa kabla ya uchaguzi huo kufanywa?

Katika makala haya ninakusudia kulitazama swali hilo kupitia maisha ya Ernst May, Mjerumani aliyekuwa miongoni mwa wasanifu mashuhuri wa majengo wa karne ya ishirini, na ambaye aliishi na kufanya kazi katika Afrika Mashariki kwa muda wa miaka ishirini hivi. Wengi wanaopita mbele ya majengo yake mjini Moshi au Kampala hawalijui jina lake. Hapa Mombasa pia alifanya kazi, na mambo aliyoyashughulikia ndiyo yanayotukabili hadi leo sisi tunaoishi ng'ambo ya kisiwa, katika Likoni, Kisauni na Changamwe.

May alizaliwa Frankfurt tarehe 27 Julai 1886, mwana wa mwenye kiwanda cha bidhaa za ngozi. Alisoma Ujerumani na Uingereza, na tangu 1910 hadi 1912 alifanya kazi London katika ofisi ya Raymond Unwin, bingwa wa mitaa ya bustani. Unwin aliamini kwamba mfanyakazi wa kawaida anastahili hewa safi, mwanga wa jua na kipande cha ardhi cha kupanda mboga, na kwamba mji unaweza kupangwa ili apate hayo yote. Fikra hiyo ilimkaa May moyoni. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza alipewa kazi ya kusimamia ujenzi wa nyumba za gharama nafuu katika jimbo la Silesia, makao yake yakiwa Breslau, mji ambao siku hizi ni wa Poland na unaitwa Wrocław.

Mwaka 1925 meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, alimwita nyumbani na kumkabidhi idara yote ya ujenzi wa mji. Ujerumani wakati huo ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba. Familia zilibanana katika vyumba vya giza, na maradhi ya kifua yaliwamaliza watoto. Fedha za kujengea zilipatikana kwa njia ambayo inafaa ijulikane na kila mwanafunzi wa uchumi. Mfumuko wa bei wa 1923 uliifanya fedha ya Ujerumani kuwa makaratasi matupu, na wenye majumba waliokuwa na madeni waliyalipa madeni hayo kwa fedha isiyo na thamani. Serikali ikaona kwamba watu hao wamepata faida wasiyoitolea jasho. Ikawatoza kodi maalumu juu ya majumba yao ya zamani, na sehemu ya kodi hiyo ikajenga nyumba mpya.

Kwa msaada wa fedha hizo, May na wenzake walijenga katika muda wa miaka mitano zaidi ya nyumba elfu kumi. Mitaa kama Römerstadt na Praunheim iliota kandokando ya bonde la mto Nidda, ikiwa na safu za nyumba nyeupe zenye paa bapa, madirisha mapana na vibustani nyuma. Ili gharama ishuke, kila kitu kilisanifishwa. Milango, vitasa, madirisha na taa vilichaguliwa kwa umbo moja na kipimo kimoja vikatengenezwa kwa maelfu. Kuta za baadhi ya nyumba zilimwagwa kiwandani kwa vipande vikubwa, zikabebwa kwa winchi na kusimamishwa mahali pake. Aidha, May alianzisha jarida lililoitwa Das Neue Frankfurt, ambalo liliwaeleza wananchi sababu za yote yaliyokuwa yakitendeka. Hapo ndipo tunapoiona sura yake ya ualimu. Hakuridhika kujenga tu. Alitaka watu waelewe.

Kitu kilichosifika kuliko vyote ni jiko. Mwaka 1926 mwanamke kijana kutoka Vienna, Margarete Schütte-Lihotzky, akiwa katika idara ya May, alisanifu jiko ambalo limeingia katika vitabu vya historia kwa jina la jiko la Frankfurt. Upana wake haukutimia mita mbili, na urefu wake ulikuwa takriban mita tatu na nusu. Bibi huyo alichukua mfano wa majiko ya mabehewa ya gari la moshi, akahesabu hatua anazopiga mpishi kutoka mekoni hadi mezani na muda anaoutumia, kisha akapanga kila kitu ili mkono ukifikie bila miguu kuhangaika. Palikuwa na mikebe ya kuteleza ya kuwekea unga, sukari na mchele, ubao wa kupigia pasi uliokunjwa ukutani, na kiti cha kupandishwa na kushushwa. Kabati zilipakwa rangi ya samawati kwa imani kwamba nzi huikimbia rangi hiyo. Majiko ya namna hiyo yapatayo elfu kumi yaliwekwa katika nyumba za Frankfurt, na jiko la kisasa tunaloliona leo katika fleti za dunia nzima ni mjukuu wake.

Hata hivyo, si kila aliyekabidhiwa ufunguo alipiga vigelegele. Baadhi ya kina mama walilalamika kwamba jiko ni jembamba, halichukui watu wawili, na mama akiwa ndani hawaoni watoto wake wanapocheza. Wengine walikuwa wamezoea familia kula na kuzungumza jikoni, wakajikuta wametenganishwa na jamaa zao. Kodi ya nyumba nayo iliwashinda wafanyakazi wa kipato cha chini kabisa, ambao ndio waliokuwa na haja kubwa zaidi. Malalamiko hayo yalikuwa na uzito, na May hakuweza kuyapuuza. Sababu yake ni ya kisiasa. Wakazi wa Frankfurt, wake kwa waume, walikuwa na kura. Walilichagua baraza la mji, baraza likampa msanifu fedha, na msanifu akalazimika kujieleza kwa maonyesho, mihadhara na kurasa za jarida lake. Mwaka 1929 aliwakaribisha Frankfurt wasanifu kutoka nchi nyingi wajadili nyumba ndogo kabisa ambayo binadamu anaweza kuishi kwa heshima. Mjadala kama huo haufanyiki pasipo wakazi wanaoweza kuuliza maswali.

Msomaji ataniwia radhi nikitoka Frankfurt kidogo na kurudi nyumbani, kwani wakati huohuo usanifishaji wa namna nyingine ulikuwa ukifanyika hapa petu. Mwaka 1928 ulifanywa mkutano mjini Mombasa wa kuamua ni lahaja ipi ya Kiswahili iwe msingi wa lugha ya shule katika makoloni ya Afrika Mashariki. Lahaja iliyochaguliwa ni Kiunguja. Kimvita, lugha ya mji ule ule uliowapa wajumbe hao mahali pa kukaa, na yenye hazina kubwa ya ushairi, ikaachwa kando. Miaka miwili baadaye, 1930, iliundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia kazi hiyo. Sisemi kwamba uamuzi huo ulikuwa mbaya. Bila ya Kiswahili sanifu, mtoto wa Kisauni na mtoto wa Kigoma wasingefanya mitihani kwa lugha moja iliyo yao wote. Ninalosema ni kwamba uamuzi ulifanywa na maafisa na wamishenari wa kigeni, na mwenye lugha hakuwa na kura. Hadi leo mwalimu wa Mombasa humsahihisha mwanafunzi kwa kuandika neno alilolinyonya kwa mama yake. Jambo hilo lina gharama, hata kama faida yake ni kubwa.

Turejee kwa May. Msukosuko wa uchumi wa 1929 ulikausha fedha za ujenzi Ujerumani. Mwaka uliofuata serikali ya Urusi ya Kisovieti ilimwalika aende kupanga miji mipya ya viwanda, naye akaondoka na kundi la wasanifu, Bibi Schütte-Lihotzky akiwamo. Kazi iliyojulikana zaidi ni ya Magnitogorsk, mji wa chuma katika milima ya Ural. Hapo mambo yalimwendea kombo. Viwanda vilianza kujengwa kabla ramani haijakamilika, vifaa havikuwapo, amri zilibadilika kila kukicha, na maelfu ya wafanyakazi walilala katika mahema na vibanda vya mbao. Sehemu ndogo tu ya mipango yake ilitekelezwa. Wakazi wa Magnitogorsk hawakuwa na pa kulalamikia, na msanifu mwenyewe hakuwa na pa kusemea.

Mkataba wake ulipokaribia mwisho, Wanazi walikuwa wamekwisha kutwaa madaraka Ujerumani mnamo Januari 1933. Walimchukia kwa sababu ya kazi yake, kwa sababu ya safari yake ya Urusi, na kwa sababu ya damu ya Kiyahudi iliyokuwamo katika ukoo wake. Nyumbani hakukuwa tena nyumbani. Mwanzoni mwa 1934 akaja Tanganyika, nchi iliyokuwa koloni la Ujerumani kabla ya kukabidhiwa Waingereza, akanunua shamba karibu na Arusha. Msanifu aliyewajengea maelfu akawa mkulima chini ya Mlima Meru. Mwaka 1937 aliliuza shamba hilo akahamia Nairobi, akafungua ofisi. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, Waingereza walimweka kizuizini pamoja na Wajerumani wengine kwa muda wa takriban miaka miwili, wakimhesabu kuwa adui, ingawa huko kwao alihesabiwa adui pia. Huyo ndiye mkimbizi, popote alipo: pande zote mbili humshuku.

Mtu angetarajia kwamba aliyeonja uchungu wa kutokuwa na kauli angewafahamu upesi wengine wasiokuwa nayo. Mambo hayakuwa sahali hivyo. Mwaka 1945 serikali ya Uganda ilimpa kazi ya kupanga upanuzi wa mji wa Kampala katika vilima vya Kololo na Naguru, na ripoti yake ikachapishwa 1947. Ni mpango uliojaa maarifa. May aliifuata miinuko ya ardhi badala ya kuikatakata kwa barabara zilizonyooka kama rula, aliacha maeneo mapana ya kijani, na kila mtaa aliupa shule na soko lake. Lakini mitaa hiyo iligawanywa kwa rangi za watu. Waafrika waliwekwa Naguru, Waasia na Wazungu wakawekwa Kololo. Katika fikra zake Mwafrika alikuwa mtu wa kulelewa na kuongozwa hatua kwa hatua, kutoka kibandani hadi nyumba ya kisasa, kwa ratiba ambayo yeye mwenyewe hakuishiriki. Mtaalamu aliyehesabu hatua za mpishi wa Frankfurt hakuwa na sababu ya kisiasa iliyomlazimisha kumuuliza mpishi wa Naguru anapikaje.

Mombasa nayo ilikuwa na kilio chake. Wafanyakazi wa bandari walipogoma 1939, nyumba ilikuwa miongoni mwa madai yao makubwa. Mshahara haukutosha kulipia chumba. Mnamo Januari 1947 mgomo mwingine, mkubwa zaidi, ulizima shughuli za mji wote. Baada ya hapo serikali ilitambua kwamba haiwezi kuendelea kuwachukulia wafanyakazi kama wageni wa msimu wanaolala popote. Mapema katika miaka ya 1950, May alichora mpango wa mtaa wa Waafrika wa Port Tudor, pale kisiwa kinapotazamana na ng'ambo ya Kisauni. Katika miaka hiyohiyo alisanifu hoteli ya Oceanic, ghorofa iliyotazama bahari kuu. Kazi hizo mbili, moja ya vibarua na moja ya watalii, zilitoka katika ofisi moja. Mwenye hoteli alikuwa na kauli juu ya kila chumba. Kibarua hakuwa nayo. Waafrika wa Kenya walipiga kura ya kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza mnamo Machi 1957, na wakati huo May alikuwa amekwisha kuondoka.

Je, kibarua huyo angeulizwa, angesema nini? Jibu lilikuwa limesimama mbele ya macho ya kila mtu. Katika Majengo kisiwani, na ng'ambo katika Kisauni, Likoni na Changamwe, watu walikuwa tayari na nyumba yao waliyoisanifu wenyewe bila ya karatasi. Mbele pana baraza, ambapo mgeni hupokewa na mazungumzo hufanywa bila ya mtu kuingia ndani. Katikati hupita ukumbi, na huku na huku vyumba, kimoja cha mwenye nyumba na vingine vya wapangaji, ambao kodi zao ndizo zinazomlipia mwenye nyumba ada ya ardhi ambayo mara nyingi si yake. Nyuma pana ua, na uani ndiko kuliko na jiko, choo na maji. Upepo huingia mlango wa mbele ukatokea wa nyuma. Ukuta wa miti na udongo huweza kuongezewa chumba pesa zinapopatikana, na paa la makuti huupoza mchana.

Mtu wa lugha huyaona yote hayo katika maneno. Mswahili akitaka kwenda msalani kwa adabu husema anakwenda uani. Faragha ya kwake ina jina la mahali, na mahali hapo pako nyuma ya nyumba, mbali na macho ya baraza. Ukimhamishia katika fleti ambayo choo kimefunguka sebuleni, umemvunjia sentensi yake na heshima yake kwa pamoja. Vilevile jiko letu si chumba tu. Ni mafiga, ni kinu na mchi, ni mbuzi ya kukunia nazi ambayo haikaliwi mezani bali chini, miguu ikiwa imekunjwa, na jirani yuko kando akichambua mchele. Kazi hiyo haiingii katika upana wa mita mbili, na kinu hakitwangiwi ghorofa ya tatu pasipo ugomvi na mpangaji wa chini. Waama, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini ingekuwa dhuluma kukomea hapo, kwa sababu kuna mahali May alifanya kazi na Waafrika waliokuwa na kauli, na matokeo yake yalikuwa mengine. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU, kilichoundwa 1933. Baada ya vita walikuwa na fedha zao wenyewe, na walijua walichokitaka: makao makuu yenye ofisi, maduka, vyumba vya wageni, ukumbi wa mikutano na nafasi ya masomo, mahali ambapo Mchagga akishuka mlimani angejiona yuko kwake katikati ya mji wa Moshi. Walimpa May kazi hiyo, na jengo likakamilika 1952. Ni jengo la fahari, lenye kivuli na njia za upepo. Msanifu alikuwa yule yule, na saruji ilikuwa ile ile iliyotumika kwingineko. Tofauti ilikuwa upande wa pili wa meza, ambako mteja alikuwa na mfuko, chama na sauti.

Kazi yake nyingine ambayo watu wameipenda ni jumba la makumbusho ya Uganda katika kilima cha Kitante, Kampala, lililofunguliwa 1954. Mnamo 2011 serikali ya nchi hiyo ilipokusudia kulibomoa ili pajengwe mnara wa biashara wa ghorofa 60, wapenzi wa historia walikwenda mahakamani kulitetea. Jengo lililochorwa wakati wa ukoloni likapata watetezi miongoni mwa wajukuu wa wale ambao hawakuulizwa lilipochorwa. Hilo nalo ni funzo: nyumba nzuri, kama lugha, inaweza kutwaliwa na wenyeji ikawa yao.

May alirudi Ujerumani mwanzoni mwa 1954. Nchi ilikuwa magofu, na alipewa kuongoza mipango ya Neue Heimat, shirika kubwa la nyumba lililokuwa na makao Hamburg. Alishiriki kupanga mtaa wa Neue Vahr huko Bremen, wenye nyumba zipatazo elfu kumi, na tangu 1957 alifundisha katika chuo kikuu cha ufundi cha Darmstadt akiwa profesa wa heshima. Hata hivyo, uzeeni alirudia kosa lake la zamani. Alipoupanga mji wa Wiesbaden katika miaka ya 1960, alipendekeza kubomolewa kwa majumba mengi ya karne ya kumi na tisa ili kupisha maghorofa. Safari hii alikuwa mbele ya watu wenye kauli, nao walipinga, na sehemu kubwa ya majumba hayo ingalipo. Alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba 1970, akiwa na umri wa miaka 84.

Nikiyapima maisha hayo, sioni mtu mwovu wala malaika. Naona mtaalamu mwenye kipawa na nia njema ambaye ubora wa kazi yake ulipanda na kushuka pamoja na nguvu ya wale aliowajengea. Frankfurt walikuwa wapiga kura, Moshi walikuwa wenye fedha, Wiesbaden walikuwa wenye ukaidi. Magnitogorsk na Naguru hawakuwa na lolote katika hayo, na ramani zao ziliwatendea hivyo. Wapo watakaosema kwamba hoja yangu inamwondolea msanifu wajibu wake na kuutwika mkazi. La, hasha. Msanifu anayefahamu kwamba mkazi wake hana sauti ana wajibu mkubwa zaidi wa kumtafuta na kumsikiliza. Lakini tukiitegemea hisani ya wataalamu peke yake, tutangoja sana.

Nimeyaeleza haya kwa sababu zamu yetu imefika. Kampala, mnamo Julai 2011, wakazi wa mitaa ya umma ya Nakawa na Naguru waliondolewa ili pajengwe mji mpya, na ardhi ikakaa miaka mingi bila ya nyumba walizoahidiwa. Hapa kisiwani, nyumba za zamani za Buxton zilianza kubomolewa 2021, na maghorofa yakasimama mahali pake. Mpango wa kaunti wa kuzijenga upya nyumba za zamani za manispaa unaitaja pia mitaa ya ng'ambo, Changamwe na Likoni ikiwamo. Sipingi ujenzi. Nyumba hizo zimechakaa, mabomba yamezeeka, na vijana wetu wanahitaji mahali pa kuanzia maisha. Ninachouliza ni kama mama anayeuza mahamri kibarazani ameulizwa biashara yake itakwenda wapi akiwa ghorofa ya kumi; kama mzee asiyeweza ngazi amefikiriwa siku lifti itakapokataa; kama ua, ambao ni jiko, ni hamamu na ni uwanja wa harusi, una mahali katika ramani; na kama mpangaji wa leo ndiye atakayeweza kulipa kodi ya kesho. May alijenga Frankfurt nyumba safi ambazo maskini zaidi hawakuweza kuzilipia. Tusijifunze upya kwa gharama jambo ambalo historia inatufundisha bure.

Walimu wenzangu mna nafasi kubwa katika jambo hili. Nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu zoezi jepesi la isimu: kila mmoja achore ramani ya nyumba aliyolelewa, aandike jina la kila sehemu kama linavyotamkwa na watu wa kwao, kisha aeleze kinachofanyika hapo, na nani, na saa ngapi. Mwanafunzi wa Mtongwe huleta maneno ambayo wa Mishomoroni hayajui, na wa Chaani mwenye wazazi kutoka bara huleta mengine. Baada ya wiki chache darasa huwa na msamiati ambao hakuna kamusi iliyoukusanya wote, na pia huwa na taarifa ambazo hakuna ofisi ya mipango iliyoziomba. Zoezi hilo linaweza kufanywa katika shule yoyote ya msingi au ya upili, kwa karatasi na penseli tu. Likikamilika, michoro hiyo isifungiwe kabatini. Ipelekwe katika vikao vya umma ambavyo katiba yetu ya 2010 inavitaka vifanywe kabla ya miradi kama hii kuanza, na wasomwe huko wazazi na watoto kwa maneno yao wenyewe, katika Kiswahili chao, kiwe sanifu au kisiwe.

Msanifu huja na rula na hesabu, nasi tunazihitaji. Lakini jina la chumba huwa kwa mwenye kukitumia, na asiyelijua jina hilo hawezi kukichora chumba chenyewe. Kazi ya shule ni kumwandaa mkazi wa kesho wa Likoni, Kisauni na Changamwe awe na maneno ya kuyataja mahitaji yake, na ujasiri wa kuyatamka ramani ingali mezani, kabla saruji haijamwagwa.